Mkaa amilifu wa maganda ya karanga: uutengeneze, kisha uupime bila kujidanganya

Maganda ya karanga kwetu Dodoma ni takataka. Nenda kwa wanaokoboa kule Kongwa, ambako mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 uliwashinda, watakujazia gunia na kukushukuru juu yake. Humo mna mkaa amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vidogo vingi vinavyonasa rangi na uchafu, ndugu wa ule anaonyweshwa hospitalini mtu aliyekula sumu. Wetu hanywi mtu. Huu ni wa majitaka.

1. Andaa maganda. Osha vumbi, anika siku mbili tatu, saga, chekecha.

2. Loweka. Kwa gramu 20 za unga, mimina kama mililita 50 za asidi ya fosforiki ya asilimia 50. Vaa glavu na miwani. Acha ulale hadi asubuhi, kisha kausha kwenye oveni nyuzi 105.

3. Choma. Weka kwenye chombo cha kauri, funika, nyuzi 500 kwa saa moja. Bila mfuniko utatoa majivu. Moshi wake ni mkali, usichome kwenye chumba kisichopitisha hewa.

4. Suuza. Hapa ndipo wengi huchoka mapema. Suuza kwa maji ya moto yaliyokenekwa mpaka pH (kipimo cha uasidi) ya maji yanayotoka ifike 6 au 7. Maji ya bomba usitumie, yetu yana chumvichumvi nyingi. Asidi ikibaki, itashusha pH ya majaribio yako yote, nawe utadhani mkaa ni mbovu. Mimi niliwahi kutupa mkaa mzuri wa wiki nzima kwa kosa hilo. Ukimaliza, kausha tena.

5. Pima kwa methilini bluu. Rangi hii ina historia ya tiba: mwaka 1891 Paul Ehrlich na mwenzake Guttmann waliwapa wagonjwa wa malaria, na hadi leo madaktari huitumia damu inaposhindwa kubeba oksijeni kwa sababu ya baadhi ya sumu. Kwetu ni kipimo rahisi, maana macho yenyewe yanaona kazi inavyokwenda.

Tia gramu 0.05 za mkaa kwenye mililita 50 za rangi yenye miligramu 200 kwa lita. Tikisa saa 24. Chombo kingine kiwe na rangi peke yake, bila mkaa, nacho kitikiswe vilevile, ujue kama kuna rangi inayopotea bila mkaa.

Sasa tahadhari ambayo hukuandikiwa kwenye karatasi ya maabara: usichuje kwa karatasi ya chujio. Karatasi nayo hunasa methilini bluu, na mkaa wako utapewa sifa ya kazi isiyo yake. Zungusha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha vichupa kwa kasi hadi mkaa utuame, chukua maji ya juu.

Soma kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na maji, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 664. Mstari wa kulinganishia, unaouchora kwa kusoma rangi ya viwango unavyovijua, uwe wa miligramu 1 hadi 5 kwa lita, kwa hiyo sampuli yako izimue kwanza. Tuseme, ukishahesabu uzimuaji huo, imebaki miligramu 60 kwa lita (0.05 ya kwanza ni lita za rangi, ya pili ni gramu za mkaa):

(200 − 60) × 0.05 ÷ 0.05 = miligramu 140 kwa gramu moja ya mkaa.

Maji yakitoka meupe kabisa usishangilie. Maana yake rangi ilikuwa kidogo, na uwezo wa mkaa hujaujua. Ongeza rangi, rudia.

6. Nenda kwenye majitaka yenyewe. Ukichota kwenye mabwawa ya majitaka kama ya Swaswa, hapa Dodoma, maji ni ya kijani. Mwani hufyonza mwanga karibu na nanomita hizohizo, hivyo yazungushe kwanza kwenye sentrifuji, kisha usome maji hayo kabla ya kuweka rangi na utoe kiasi hicho kwenye hesabu.

Na kama lengo lako ni mabaki ya dawa, usiishie kwenye rangi. Methilini bluu ina chaji chanya. Diklofenaki, dawa ya maumivu tunayoinunua kila duka, ina chaji hasi kwenye maji ya pH 7. Mkaa unaoipenda moja unaweza kuikataa nyingine, kwa hiyo rudia hatua ya 5 kwa dawa hiyo yenyewe, ukibadilisha nanomita ziwe karibu 276.