Kutilia Mkazo kwa Vielezi Unapoandika Kiingereza

Unapotaka kukoleza kauli katika Kiingereza, kielezi huchaguliwa kwa kuangalia neno kinaloliongezea nguvu, hata kama hisia yako ni kubwa kiasi gani. Kwanza jiulize kama kivumishi ulichoandika kina viwango. Chenye viwango, kama "cold" au "tired", hupokea "very" au "extremely". Kile ambacho maana yake imekwisha fika kileleni, kama "freezing", "exhausted" au "impossible", hukataa "very" na kudai "absolutely", "completely" au "utterly". "Really" hukubaliana na aina zote mbili, kwa hiyo anayesita na alitumie hilo. Neno la kuchunga ni "quite": kwa Waingereza "quite good" mara nyingi humaanisha nzuri kiasi tu, ilhali "quite impossible" humaanisha haiwezekani kabisa, na Mmarekani husoma "quite good" kuwa sifa ya juu zaidi. Katika barua ya kumsifu mtu, mimi ningeliepuka.

Vielezi vingine vina wenzi wao wa kudumu, ambao huzoeleka kwa kusoma sana: "deeply grateful", "bitterly disappointed", "strongly disagree".

Mahali pa kielezi ndipo penye makosa mengi. Kwa kuwa sisi huweka "sana" mara tu baada ya kitenzi, wengi huandika "I like very much this book", ilhali Kiingereza hakitaki kielezi kitenganishe kitenzi na yambwa yake. Andika "I really like this book" au "I like this book very much". Penye kitenzi kisaidizi, kielezi hukifuata: "I have completely forgotten". Katika ukanushi, kuhamisha neno moja hubadilisha ujumbe mzima: "I really don't know" husema kwamba hujui hata kidogo, lakini "I don't really know" husema kwamba hujui vizuri, na msomaji anaweza kuendelea kukuuliza.

Ukimaliza, pitia upya ulichoandika. Pale ambapo neno moja linatosha, lishike: "furious" badala ya "very angry", "tiny" badala ya "very small". Kisha bakiza mkazo kwenye sentensi inayobeba ombi au shukrani yako, kwa maana aya yenye "extremely" tatu humwacha msomaji asijue lipi hasa ulilitaka alizingatie.