Michezo Mitatu ya Kuanzia kwa Farasi na Mpandaji Wake

Farasi anayezungushwa uwanjani kila siku kwa njia ile ile huchoka akili kabla ya miguu. Masikio hulegea, kwato huburuzwa, na mtoto aliye mgongoni naye huanza kuuliza saa ngapi. Nafundisha watoto kupanda farasi, na dawa yangu ya uchovu huo ni michezo. Farasi wa bei kubwa si lazima. Mwaka 1957, Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, alianzisha kombe la michezo ya namna hii huko Uingereza kwa ajili ya watoto wenye farasi wadogo wa kawaida, na linashindaniwa hadi leo.

Hatua ya 1: Andaa uwanja. Uwe na uzio na ardhi isiyoteleza. Tafuta mabomba sita ya plastiki yenye urefu wa mita moja na nusu hivi, uyasimike kwenye matairi makuukuu yaliyojazwa mchanga. Ziba ncha za juu. Yapange kwa mstari mmoja, kila moja likiwa hatua nane za mtu mzima kutoka kwa jingine. Vyuma usiweke kabisa.

Hatua ya 2: Mtambulishe farasi kwa vifaa. Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo watoto huangushwa. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala kilicho nyuma ya mkia. Mwongoze kwa miguu, mpandaji akiwa chini. Apite karibu na kila bomba, kwanza likiwa kushoto kwake, kisha kulia. Akisimama na kukoroma, usimvute. Mwache anuse, mpapase shingo, ngoja ainamishe kichwa na kupumua taratibu, ndipo umsogeze. Ikichukua siku nzima, basi siku hiyo mchezo ndio huo.

Hatua ya 3: Kagua. Helmeti imefungwa, viatu vina kisigino, mkanda wa tandiko umekazwa upya baada ya mzunguko mmoja. Kati ya farasi na farasi ibaki nafasi ya kutosha farasi mwingine mzima. Anayepiga mateke mfunge utepe mwekundu mkiani, wenzake wajue.

Hatua ya 4: Nyoka. Mpandaji apinde katikati ya mabomba, ageuke mwishoni, arudi vivyo hivyo. Atazame bomba linalofuata, si lile analolipita, kwa sababu mwili hufuata macho na farasi hufuata mwili. Mwendo ni wa kutembea hadi apite mara tatu bila kugusa bomba. Telki, yaani mwendo wa mbio ndogo, ije baadaye. Shoti, yaani mbio za kasi, si ya mwezi wa kwanza.

Hatua ya 5: Yai na kijiko. Anza na ndimu, kisha yai la kuchemsha. Mkono mmoja hatamu, mwingine kijiko. Mchezo huu naupenda kuliko yote, maana humfichua mpandaji anayejishikilia kwa hatamu: mkono ukikakamaa tu, yai liko chini. Mwambie alegeze kiuno, kiende na mgongo wa farasi, na uzito ushuke visiginoni. Nimeona mtoto akijifunza kukaa vizuri kwa ndimu moja, baada ya wiki kadhaa za maneno yangu kupita hewani.

Hatua ya 6: Sanamu. Wote watembee kwa duara. Ukiinua mkono, wasimame. Anayemsimamisha farasi wake kwa utulivu hupata alama. Anayevuta hatamu kwa nguvu hukosa, hata kama alikuwa wa kwanza. Usitumie filimbi kali mpaka farasi wote wawe wameizoea.

Hatua ya 7: Maliza. Dakika thelathini zinatosha. Washuke, walegeze mkanda, wawatembeze farasi kwa dakika kumi hivi hadi pumzi itulie, kisha wawape maji. Mabomba yaondolewe uwanjani kabla farasi hawajafunguliwa kucheza wenyewe.