Chuo kiliishia njiani, digrii huna: omba kazi hivi

Wengi hapa Uganda wanaacha chuo sababu ya ada, mzee anaugua, shamba linauzwa, unaomba mwaka mmoja wa kukaa nje utafute pesa na huo mwaka unakuwa mitatu. Mabosi wanayajua haya, wengine wana wadogo zao waliokwama hivyo hivyo, kwa hiyo usiingie kwenye intavyuu umeinamisha kichwa.

Kwanza jua milango iliyofungwa usije ukamaliza nauli bure. Kazi ya serikali ikitangazwa inataka digrii basi ni digrii, jina lako linakatwa kabla mtu hajasoma barua, na benki na mashirika makubwa ya misaada mara nyingi ni vile vile. Nenda kwa wanaojiamulia wenyewe: maduka ya jumla ya Kikuubo pale Kampala, viwanda vya Namanve na Jinja, hoteli, kampuni za kutoa mizigo forodhani pale Busia na Malaba (huko kuna cheti chao cha uwakala wa forodha na mizigo, EACFFPC, kinachotambulika Afrika Mashariki, kaulize masharti yake). Hapo anayekuhoji mara nyingi ndiye mwenye mali, anataka kujua kama kazi unaiweza na kama pesa yake iko salama mikononi mwako.

Kwenye sivii weka UCE na UACE zako (vyeti vya sekondari, kidato cha nne na cha sita) wazi, hizo ulimaliza na hakuna wa kukunyang'anya. Chini yake andika chuo, kozi, miaka uliyosoma, halafu "sikumaliza". Usiifiche hiyo miaka maana bosi akiona pengo anawaza jela au wizi. Nenda pia kwa msajili wa chuo uombe matokeo ya masomo uliyofaulu, ila kama unadaiwa ada jiandae, wengi hawatoi karatasi mpaka ulipe. Na tafadhali sana usiende Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji Kampala, kuchapiwa digrii. Mwajiri akiandikia chuo jibu linarudi, kutumia hati feki ni kosa la jinai, na hata wasipokushtaki huyo mtu hatakuamini tena wala hatakusifia kwa mwenzake.

Sasa swali lenyewe, "mbona uliacha?" Hapa ndipo watu wanaharibu, wanaanza kusimulia matatizo ya nyumbani robo saa nzima mpaka anayehoji anachoka, wakati yeye ana hofu moja tu, kwamba kama uliacha chuo na kazi yake utaiacha. Mjibu hiyo hofu. Sema kwa mfano: "Nilisoma biashara miaka miwili, ada ikakatika 2021, tangu hapo natunza stoo ya saruji Mukono, stoki naihesabu mimi." Halafu nyamaza, umwache aulize. Kama ulifeli sema ulifeli, kisha sema ulichojifunza kazini baada ya hapo. Kama unataka kurudi kusoma jioni au wikendi mwambie mapema, asije akasikia kwa wengine akadhani unamtoroka.

Kama ujuzi wako ni wa mikono, umeme, ushonaji, upishi, makanika, kapimwe kwa vitendo upate cheti cha serikali, ule utaratibu wengi wanaujua kwa jina la DIT (Directorate of Industrial Training), unapima unachokiweza hata kama ulijifunzia gereji. Kwa fundi mimi naona hicho kinasaidia kuliko nusu ya digrii.

Barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji au mtaa wako) beba, wataiomba, lakini inasema tu unakaa wapi na tabia yako. Chenye uzito ni mtu uliyemfanyia kazi ambaye simu ikipigwa atapokea, kwa hiyo mpigie wewe kwanza umwambie kuna kampuni itamtafuta. Bosi akisitasita mwombe wiki moja ya majaribio, nauli na chakula juu yake, mkubaliane siku ya mwisho na mshahara utakaofuata kabla hujaanza, maana kuna wanaofanyisha vijana "majaribio" miezi mitatu bure kisha wanaleta wengine.