Sencha yako chungu? Poza maji kwanza, afu tuongelee buli

Mtu akikwambia chai ya kijani ya Kijapani ni chungu kama mwarobaini usibishane nae, muulize tu maji yalikua ya moto kiasi gani. Mara nyingi jibu ni lile lile, yalikua yanachemka. Mimi paketi yangu ya kwanza ya sencha niliimalizia kwenye sinki, maana nilikua nachemsha maji mpaka yanarukaruka, namimina palepale kwenye majani, naenda kufanya mambo yangu, nikirudi baada ya dakika kumi nakuta kitu cha manjano iliyochoka kinakaba ulimi mpaka unahisi meno yameota manyoya. Nikasema hawa watu wanakunywa nini jamani. Kumbe majani hayakua na kosa lolote.

Iko hivi. Kwenye jani la chai kuna vitu vitatu vya kuvijua. Kuna katekini, huo ndo ukakasi. Kuna kafeini, huo ni uchungu. Na kuna thianini, hii ndo inaleta ule utamu mzito kama wa supu ambao Wajapani wanauita umami. Katekini na kafeini zinapenda moto, maji yakiwa makali zinatoka kwa fujo zote kwa pamoja, ila thianini haina makuu, hata kwenye maji ya vuguvugu, hata ya baridi, inatoka. Kwaiyo ukipoza maji hujapunguza ladha, umeamua tu ladha gani itangulie mlangoni.

Na hii chai yenyewe ilitengenezwa kwa mvuke. Majani yakishachumwa yanapigwa mvuke fasta, sekunde 30 mpaka dakika moja hivi, ule mvuke unaua vimeng'enya ambavyo vingeyageuza yawe meusi, ndo maana rangi inabaki kijani na harufu inakua ya nyasi mbichi. Chai nyingi za kijani za China wao wanakaanga kwenye chuma badala ya mvuke, harufu inaenda upande mwingine kabisa. Njia ya kupiga mvuke afu kuviringisha majani huku yanakaushwa kwenye joto inatajwa kwa Nagatani Soen, mkulima wa Ujitawara karibu na Kyoto, mwaka 1738. Ukiona sencha nzuri leo, vijani vyembamba vimenyooka kama sindano, vinang'aa kidogo, ni kazi ya ule uviringishaji.

Ukienda kununua, majina yasikutishe. Sencha ndo ya kila siku, anza nayo. Fukamushi ni sencha iliyokaa kwenye mvuke muda mrefu zaidi, majani yake yamevunjikavunjika kama vumbi vumbi, chai inatoka kijani nzito isiyopenyeza mwanga na haina ukakasi sana, na inaiva haraka. Gyokuro ni ya gharama: mti wa chai ukipigwa na jua, thianini inageuka kua katekini, sasa wakulima wanafunika shamba kama siku 20 kabla ya kuchuma ili ule utamu usiondoke. Maeneo ya Uji na Yame huko Japani ndo yenye sifa hapo. Hojicha ni majani yaliyokaangwa mpaka yakawa kahawia, genmaicha imechanganywa na mchele uliokaangwa, bancha ni majani makubwa makubwa ya mavuno ya baadae. Kuhusu mkoa, Shizuoka ndo jina kubwa la miaka yote ila mwaka 2024 Kagoshima iliipita kwa uzalishaji, na zaidi ya nusu ya mashamba ya chai ya Japani ni aina moja ya mche, Yabukita. Mimi nikiwa na paketi mkononi kitu cha kwanza naangalia tarehe. Mavuno ya kwanza ya mwaka yanaitwa shincha, na kwa desturi yao usiku wa 88 kuhesabu tangu mwanzo wa majira ya kuchipua kwenye kalenda ya zamani, ambao unaangukia kama Mei 1 au 2, ndo siku yenyewe ya kuchuma. Majani ya mavuno haya yana thianini nyingi kuliko ya baadae. Chai ya kijani sio mvinyo, haiboreki ikikaa.

Sasa buli. Hapa ntakaa kidogo maana watu wanadhani ni urembo.

Buli la Kijapani linaitwa kyusu, na lile la kawaida mpini wake uko pembeni, sio nyuma kama tulivyozoea. Linaitwa yokode. Mara ya kwanza unaona kama fundi alikosea, ila likamate: vidole vinazunguka mpini, dole gumba linakaa juu ya mfuniko, unageuza kiganja tu na chai inatoka, mkono mmoja unamaliza kazi yote, huhitaji kunyanyua bega. Kama unatumia mkono wa kushoto tafuta la mashoto, yapo, usije ukateseka na la kulia. Kuna lenye mpini nyuma, ushirode, kuna lenye mpini juu, hili linaitwa dobin, linakua kubwa na linafaa bancha na hojicha. Afu kuna lisilo na mpini kabisa, hohin, la gyokuro, na swali la kila mtu ni si utaungua? Huungui, maji ya gyokuro ni digrii 50 au 60 tu. Yani ukilishika likakuunguza, maji yako ni ya moto mno.

Ukubwa: mililita 200 mpaka 300 inatosha kabisa. Usinunue la lita nzima. Buli kubwa linakushawishi uweke maji mengi, ile chai inayobaki ndani inaendelea kuloweka na inakua chungu mno.

Udongo nao una majina. Tokoname, mkoa wa Aichi, ni moja kati ya sehemu sita kongwe za tanuri za ufinyanzi Japani, na buli lao jekundu lisilopakwa ile rangi ya kung'aa ndo picha inayokuja kichwani ukitaja kyusu. Wekundu unatokana na madini ya chuma kwenye udongo. Mwaka 1998 serikali ya Japani ilimpa mfinyanzi wa hapo, Yamada Jozan wa tatu, ile heshima wanayoiita hazina hai ya taifa, na ni kwa ajili ya mabuli, sio masanamu. Wengine ni Yokkaichi, mkoa wa Mie, wanafinyanga mabuli yanayoitwa Banko, ya rangi ya zambarau iliyofifia.

Ukipata nafasi ya kulishika kabla hujalipa fanya jaribio hili, linachekesha ila linafanya kazi: jaza maji, anza kumimina, afu ziba kwa kidole kile kitundu kidogo cha kwenye mfuniko. Mfuniko ukiwa umekaa sawasawa maji yanakata hapohapo, ukiachia yanaendelea. Mafundi wa Tokoname wanausugua mfuniko na shingo ya buli kwa pamoja mpaka vishikane, ndo maana mfuniko wa buli moja hauingii vizuri kwenye lingine. Angalia pia chujio la ndani. Lililotobolewa kwenye udongo wenyewe ni zuri kwa sencha ya kawaida, ila kama unakunywa fukamushi yale majani vumbi yataziba, hapo chujio la waya linakuokoa. Yale mabuli yenye kikapu kirefu cha waya katikati mimi siyapendi, majani yanabanana kama abiria, hayafunguki.

Kitu kingine, kile kibomba kidogo cha plastiki kwenye ncha ya mdomo wa buli jipya. KITOE. Kimewekwa ili mdomo usivunjike njiani, basi. Mimi nilikiacha miezi kadhaa nikijua ndo staili yenyewe, siku nimekivuta nakuta utando mweusi wa ukungu umejibanza ndani, na chai yote niliyokunywa ilipita hapo. Sitaki hata kukumbuka.

Na lile birika la chuma zito lenye vidotidoti, tetsubin. La asili ni la kuchemshia maji tu, sio kuloweka majani. Yanayouzwa sana yana rangi ngumu ya kung'aa kama kioo ndani na chujio la waya, hayo ni ya kuloweka majani tu, ukiyaweka jikoni ile rangi inapasuka. Soma maelezo kabla hujawasha moto.

Haya, tupike. Au tuseme tuloweke, maana hakuna kupika hapa. Watu wawili, sencha.

Majani gramu 4 mpaka 5, vijiko viwili vya chai vya kawaida, usiogope kua ni mengi. Maji yawe laini, Japani maji mengi ni laini na chai yao imezoea hivo, maji yenye chokaa nyingi yanaifanya chai iwe bubu. Kama ni ya chupa chagua yenye kalisiamu na magnisiamu kidogo. Yachemshe kabisa kwanza, afu anza kuyahamisha. Kila ukiyamimina kwenye chombo kingine chenye ubaridi wa kawaida yanashuka kama digrii 10. Wao wana kijagi maalum kisicho na mfuniko kinaitwa yuzamashi, kazi yake ni kupozea maji tu, ila kikombe chochote kinafaa. Toka kwenye birika yaende kwenye kijagi, hapo ni 90 hivi. Toka kwenye kijagi yaende kwenye vikombe vyenu viwili, 80. Subiri kidogo, mvuke ukiwa unapanda taratibu badala ya kukimbia uko kwenye 70 na kitu, mimina kwenye buli lenye majani. Utaona huu mchezo umefanya kazi tatu, maji yamepoa, vikombe vimepata joto, na umepima maji kamili ya watu wawili bila kipimo. Hakuna kipimajoto kwenye nyumba yangu na sijawahi kukihitaji.

Funika. Dakika moja, kama ni fukamushi sekunde 30 au 40. Usitikise, usikoroge, usilizungushe buli kama unaosha chupa, unayakamua ukakasi bure. Ukifungua ukachungulia utaona zile sindano zimeanza kulegea, zimefunguka nusu. Hapo tosha.

Kumimina nako kuna namna. Usijaze kikombe cha kwanza mpaka juu afu uhamie cha pili, cha kwanza kitakua maji na cha pili kitakua dawa. Weka kidogo hapa, kidogo pale, afu rudi nyuma kuanzia cha pili, hivo hivo mpaka viwe sawa kwa rangi. Afu malizia MPAKA TONE LA MWISHO. Inamisha buli wima kabisa, subiri, tone, tone, lishtue kidogo kwa mkono, tone. Matone yale ndo mazito kuliko yote, na pia maji yakibaki chini duru ya pili, yani ukitia maji tena kwenye majani yale yale, imeharibika kabla haijaanza. Wengi wanapoza maji vizuri kabisa wanakuja kufeli hapa kwa haraka ya sekunde kumi.

Ukimaliza sogeza mfuniko uache upenyo, joto litoke, majani yasiendelee kuiva yenyewe. Yatakua yamelala yote upande wa mdomo, ligonge buli taratibu kwa kiganja upande wa nyuma yarudi katikati. Duru ya pili maji yawe ya moto zaidi, 80 mpaka 90, na hausubiri, sekunde 10 au 15 unamimina, majani yashafunguka. Duru ya tatu weka hata yaliyochemka. Duru ya pili ndo naipenda mimi, utamu haujaisha na ukakasi umeanza kuchungulia.

Gyokuro ni upande mwingine: gramu 10, maji mililita 60 tu, digrii 50 au 60, dakika mbili mpaka mbili na nusu. Ndio, mililita 60, inatoka kama vijiko vichache vya mchuzi mzito na unanyonya kidogo kidogo. Hojicha, genmaicha na bancha sahau yote niliyosema, tia maji yaliyochemka, sekunde 30, kunywa. Matcha ni unga na haina buli, gramu 2 kwenye bakuli, maji mililita 70 ya digrii 80, unapiga povu na kile kifagio kidogo cha mwanzi kinachoitwa chasen, vingi vya Kijapani vinachongwa Takayama mkoa wa Nara, ila uchekeche unga kwanza la sivyo utakunywa mabonge.

Siku ya joto usijisumbue na kupoza chochote: gramu 10 za sencha, lita moja ya maji baridi, friji masaa matatu mpaka sita, chuja. Ukakasi karibu hamna, ni ile thianini niliyosema mwanzo, na kafeini inatoka kidogo.

Paketi ukishaifungua imalize ndani ya mwezi hivi, funga vizuri, mbali na mwanga na viungo maana majani ya chai yanavuta harufu ya jirani. Ambayo hujaifungua inaweza kukaa kwenye friji, ila ukiitoa usiifungue hapohapo, acha kwanza ipate joto la chumba, la sivyo unyevu unakimbilia kwenye majani.

Buli la udongo lisilopakwa ile rangi ya kung'aa haliguswi na sabuni, udongo unainywa na utaisikia kwenye chai wiki nzima. Toa majani, suuza kwa maji ya moto, lipindue, mfuniko pembeni, likauke lenyewe mpaka ndani ya chujio. Na yale majani ya gyokuro usiyatupe, tayari ni laini kama mboga, tia matone ya soya juu uyale hapohapo umesimama.