SOMO: Kuchagua wabunge wa jimbo hapa Minnesota, hatua kwa hatua (soma lote kabla ya kunipigia simu)

Ndugu zangu, kila Agosti ikikaribia simu yangu haipoi. Swali ni lile lile: "Hawa walioandikwa chini ya karatasi ya kura ni akina nani, na nawapigiaje?" Nimelijibu msibani, nimelijibu harusini, na juzi nimelijibu nikiwa najaza mafuta kituoni. Leo naandika mara moja. Akikuuliza mwenzako, mtumie hii.

Tunaongelea bunge la jimbo lililoko St. Paul, mji mkuu wa Minnesota, si lile la Washington. Lina wawakilishi 134 na maseneta 67. Eneo la kila seneta hukatwa vipande viwili, A na B, kila kipande kina mwakilishi wake. Wawakilishi huchaguliwa kila miaka 2. Maseneta hukaa 4, isipokuwa wanaochaguliwa mwaka unaoishia na 0: hao hukaa 2 tu, ili wote wachaguliwe tena mipaka ikishachorwa upya. Mwaka huu wa 2026 viti vyote 201 vinagombewa.

Na msiseme ni wabunge wadogo. Chakula cha bure cha mashuleni kilipita hapo mwaka 2023. Leseni ya udereva bila kuulizwa hali ya uhamiaji, nayo mwaka huo huo. Chama kilichoongoza Seneti kilikuwa na viti 34 dhidi ya 33. Kiti kimoja tu! Ndiyo maana naumia nikisikia mtu amejaza nafasi za juu, za chini akaziacha tupu.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa. Uwe raia wa Marekani, miaka 18, umeishi Minnesota siku 20. Aliyefungwa kwa kosa kubwa anapiga kura akishatoka gerezani, hata kama bado anaripoti; sheria hiyo ni ya 2023.

Mwenye grini kadi HAPIGI. Hata kama umeishi hapa miaka 15 na unalipa kodi. Ukipiga kwa kutojua, bado unaweza kupoteza nafasi ya uraia na kurudishwa nyumbani. Kuanzia 2024 ofisi za leseni husajili raia moja kwa moja, kwa hiyo ukipata barua kwamba umesajiliwa na wewe si raia, usiiweke kabatini. Piga simu kaunti siku hiyo hiyo ufutwe, kisha muone wakili wa uhamiaji.

Hatua ya 2: Jisajili. Mtandaoni kwa Katibu wa Jimbo (ofisi inayotunza daftari la wapiga kura) au kwa fomu, mpaka siku 21 kabla ya uchaguzi. Ukichelewa, unajisajili kituoni siku yenyewe. Ukihama, sajili upya, hata kama umetoka chumba namba 4 ukaingia namba 9 kwenye jengo hilo hilo.

Hatua ya 3: Jua eneo lako na kituo chako. Tovuti ya Katibu wa Jimbo, andika anwani yako. Usimfuate jirani, mpaka unaweza kupita katikati ya barabara yenu.

Hatua ya 4: Mchujo wa Agosti. Someni hapa taratibu, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mchujo ni uchaguzi wa kwanza, ambapo wapiga kura huchagua nani atasimama kwa kila chama Novemba. Hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, mwaka huu tarehe 11. Minnesota haikuandikishi chama, na unapofika hakuna anayekuuliza chama chako. Karatasi ina safu za vyama zikiwa zimekaa bega kwa bega. Unachagua safu MOJA, unashuka nayo mpaka chini.

Mchujo wangu wa kwanza nilipiga kwa posta, mezani jikoni, chai pembeni. Mwakilishi niliyempenda alikuwa safu ya kushoto, na kwa nafasi nyingine nikampenda mtu wa safu ya kulia. Nikaona nimetumia akili: nachagua mtu, sichagui chama. Nikajaza viduara vyangu vizuri kwa kalamu nyeusi, nikafunga bahasha, nikatuma. Mwaka uliofuata nikaenda kwenye mafunzo ya usimamizi wa kituo. Mkufunzi akanyanyua karatasi ya mfano iliyojazwa kushoto na kulia, akasema: "Sehemu yote ya vyama haihesabiwi." Nilihisi tumbo kuporomoka. Ilikuwa karatasi yangu ile ile. Mgombea niliyemtembelea nyumba kwa nyumba hakupata kura yangu mwenyewe.

Kwa hiyo:
– Ukivuka safu, kura zako zote za vyama zinakufa. Sehemu isiyo ya vyama, kama majaji, hubaki.
– Ukiwa kituoni mashine hukataa karatasi na kukuonya. Omba mpya, ni haki yako, wala usione haya.
– Ukiwa nyumbani hakuna mashine ya kukuonya. Kagua mara mbili kabla ya kufunga bahasha.
– Novemba hali ni tofauti: changanya vyama upendavyo.

Hatua ya 5: Novemba 3. Vituo viko wazi saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Ukiwa kwenye foleni saa mbili inapogonga, utapiga. Usiyetaka foleni, kura za mapema zinaanza siku 46 kabla, yaani Septemba 18. Mwajiri hakukati mshahara kwa muda unaotumia kwenda kupiga kura.

Hatua ya 6: Kiingereza kikikushinda, njoo na mtu wako. Sheria ya shirikisho inakuruhusu kusaidiwa na umtakaye, ila asiwe mwajiri wako wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Mwaka mmoja kituoni kwangu alikuja bibi mmoja wa Bukavu na mjukuu wake. Wakaketi pamoja, kijana anamsomea jina moja moja kwa sauti ya chini, bibi anaweka kidole, halafu anajaza mwenyewe. Walichukua nusu saa. Hakuna aliyewaharakisha.

Haya, ulizeni.

---

kijana_wa_rochester: Mkuu, mimi nina grini kadi, mwaka wa saba sasa. Siwezi hata hizi za jimbo tu?

Jibu: Hatua ya 1. Imeandikwa kwa herufi kubwa.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Siku ya kura nikienda kujisajili hapo hapo nabeba nini? Leseni yangu ina anwani ya zamani.

Jibu: Marahaba dada. Leta hiyo leseni, pamoja na karatasi yenye jina lako na anwani mpya: mkataba wa nyumba, bili ya umeme, ya maji, hata ya simu. Ukiionyesha kwenye simu yako inakubalika. Ila jina liwe lako; bili ya mume wako haikusaidii. Ukikosa vyote, mpiga kura aliyesajiliwa kwenye eneo la kituo hicho hicho anaweza kukuapia kwamba unaishi hapo. Mtu mmoja anaruhusiwa kuwaapia hadi 8. Wewe uliyeapiwa huwezi kugeuka ukamwapia mwingine.

Mama Neema: Asante sana. Mimi nafanya kazi kwenye makao ya wazee. Wazee wangu wengi hawana bili yoyote.

Jibu: Swali zuri mno, na wengi wetu hapa tunafanya kazi hiyo. Mfanyakazi wa makao kama hayo anaruhusiwa kuwaapia wakazi wake wenye sifa, na kikomo cha 8 hakimhusu. Beba uthibitisho kwamba unafanya kazi hapo. Ongea na msimamizi wako mapema, kisha pigia kaunti, wakueleze karatasi wanazotaka.

SimbaMtulivu: Somo lako lina kasoro. Uchaguzi Marekani unasimamiwa na tume ya taifa, FEC. Wewe unasema kaunti.

Jibu: Halina kasoro. FEC kazi yake ni fedha za kampeni za nafasi za shirikisho, basi. Haina sanduku, haina karani, haina kituo. Tusibebe picha ya tume za uchaguzi za kwetu, IEBC ya Kenya au CENI ya Kongo, tukaipachika hapa. Katiba iliacha kazi hii kwa majimbo, na Minnesota ikaigawa tena: Katibu wa Jimbo anatunza daftari na kutoa taratibu, kaunti 87 zinaandaa karatasi na kukusanya matokeo, miji na vitongoji vinaajiri wasimamizi wa vituo. Nimekaa kwenye viti hivyo, sikuambiwa na mtu.

Rukia_wa_Houston: Mimi niko Texas. Hii inanihusu?

Jibu: Sehemu ndogo, dada. Texas lazima ujisajili siku 30 kabla, hakuna kujisajili siku ya kura, na kituoni wanataka kitambulisho chenye picha. Bunge la huko ni wawakilishi 150 na maseneta 31. Ndugu zetu wa Nebraska wao wana nyumba moja tu ya bunge, viti 49, na karatasi haionyeshi chama cha mgombea. Virginia huchagua wabunge wa jimbo miaka isiyogawanyika kwa mbili. Kila mtu aangalie jimbo lake. Ushauri wa shemeji yako wa Ohio usiutumie Minnesota.

Mtu wa Goma: Ndugu yangu, aksanti kwa somo. Mimi napenda kujua: nani anachora hiyo mipaka ya A na B? Na kura moja inaweza kweli kubadili kitu?

Jibu: Karibu sana. Mipaka huchorwa baada ya sensa ya kila miaka 10. Kazi ni ya bunge lenyewe, lakini likishindwa kuelewana mahakama huingia. Hii ya sasa ilitolewa na jopo la majaji 5, Februari 2022.

Kuhusu kura moja, nikupe mfano wa eneo la 54A, mji wa Shakopee, uchaguzi wa wawakilishi wa 2024. Mshindi alipita kwa kura 14. Kisha ikagundulika kura 20 za mapema zilipokelewa lakini hazikuhesabiwa, inaaminika zilitupwa zikiwa kwenye bahasha. Wakaenda mahakamani. Wapiga kura 6 kati ya hao walisimama mbele ya jaji wakasema walimpigia aliyeongoza. Zilizobaki 14 hata zingekwenda zote kwa mpinzani, zisingetosha. Matokeo yakabaki. Na Baraza la Wawakilishi mwaka huo lilikuwa 67 kwa 67! Tofauti ikiwa chini ya nusu asilimia, mgombea aliyeshindwa anaweza kuomba kura zihesabiwe upya kwa gharama ya umma.

Mtu wa Goma: Na mtu wetu anaweza kugombea?

Jibu: Anaweza. Huldah Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa mwaka 2024 eneo la 38A upande wa Brooklyn Park. Uwe mpiga kura halali wa miaka 21, umeishi Minnesota mwaka mmoja, na ndani ya eneo lako miezi 6 kabla ya uchaguzi. Ada ni dola 100, au sahihi 500. Hiyo miezi 6 usiichezee: mshindi wa 40B mwaka huo huo jaji aliona hakuwa akiishi eneo lake, hakuapishwa, uchaguzi ukarudiwa Machi 2025.

kijana_wa_rochester: Samahani kwa lile swali, mkuu. Nikipata uraia nataka kusimamia kituo kama wewe. Wanafanya nini milango ikifungwa?

Jibu: Hapo umenifurahisha, mdogo wangu. Saa mbili kamili anatoka mmoja wetu kusimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Akishapiga huyo, mashine inafungwa na kutoa utepe mrefu wa karatasi kama risiti ya dukani. Tunahesabu sahihi za waliopokea karatasi, tunalinganisha na idadi ya kura zilizoingia. Zisipolingana hakuna anayegusa koti lake. Tunarudia mpaka tujue tofauti imetoka wapi. Kisha tunasaini utepe, sote, wa vyama tofauti, tunafunga makasha kwa lakiri. Sheria hairuhusu zaidi ya nusu ya wasimamizi wa kituo kutoka chama kimoja.

Ukishaapa uraia, jisajili siku hiyo hiyo, kisha piga simu ofisi ya mji wako uombe mafunzo. Mafunzo huchukua masaa mawili tu, na kazi inalipwa. Waambie mapema kwamba unasema Kiswahili.