Mapazia ya sebule: pima bomba, si dirisha

Wengi hupima dirisha, huenda Kariakoo na namba hiyo, kisha humlaumu fundi cherehani pazia likining'inia kama shuka kwenye kamba. Kipimo cha pazia ni bomba. Mfano wetu ni dirisha la sm 150 kwa 120, lenye pazia zito na shia (pazia jepesi linalopitisha mwanga).

1. Bomba. Lizidi dirisha sm 25 kila upande, yaani sm 200. Ukifungua, pazia linakaa ukutani na dirisha lote linabaki la upepo. Chukua bomba la chuma la njia mbili. La alumini nyembamba hupinda. Vishikio vitatu.

2. Kutoboa. Sm 15 juu ya dirisha. Hapo kwa kawaida ni lenta (boriti ya zege juu ya dirisha), hivyo tumia drili ya kugonga, biti ya mm 8 na fisha (plagi za plastiki za kushika skrubu) za mm 8. Biti ikigoma ghafla umekuta nondo. Sogea sm 3, usilazimishe. Misumari ya zege hupasua lipu, achana nayo.

3. Kitambaa. Kabla ya bei, uliza upana wa jora.

Jora la sm 280 hulazwa: upana wake ndio unakuwa urefu wa pazia, kwa hiyo mita unazonunua zinategemea bomba tu. Sm 200 mara mbili, ili pazia lipate mikunjo, ni m 4. Ongeza sm 20 za pindo za pembeni, m 4.2. Ukiambiwa mara moja na nusu inatosha, kataa: pazia la ringi (matundu yenye duara gumu ambamo bomba hupita) litakuwa na mikunjo hafifu. Shia nenda mara mbili na nusu.

Jora la sm 150 hugeuza hesabu. Unahitaji vipande vitatu, cha tatu kinapasuliwa katikati kigawiwe pande zote mbili. Pazia likiwa na urefu wa sm 230, ongeza 20 za pindo: 250 mara tatu, m 7.5. Kama lina maua makubwa, ongeza nafasi ya ua zima kwa kila kipande, la sivyo hayatakutana kwenye mshono. Hapo ndipo la 280 huwa nafuu hata kama mita yake ni ghali. Binafsi sinunui la 150 kwa sebule.

Urefu upime sehemu tatu, toka bomba hadi sakafu, maana sakafu nyingi haziko levo. Chukua kipimo kifupi kuliko vyote, toa sm 1.5, ongeza sm 3 zinazosimama juu ya bomba. Pamba husinyaa: loweka, anika, ndipo ukate. Polista haina shida hiyo.

4. Ringi. Idadi iwe shufwa, ili kingo zote mbili zielekee ukutani. Kila upande weka 12: ya kwanza sm 5 toka ukingoni, zinazofuata kila baada ya sm 17 hivi. Mwandikie fundi. Akiweka 9 ili kubana matumizi, ukingo mmoja utachomoza sebuleni na hakuna pasi itakayourudisha.

5. Kutundika. Panga mikunjo kwa mkono, ifunge kwa utepe usiku mmoja.