Kupiga vichekesho vya televisheni kwa kamera tatu mbele ya watazamaji

Njia hii ilikomaa Hollywood mwaka 1951, pale kichekesho cha I Love Lucy kilipoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS tarehe 15 Oktoba. Wakati huo vichekesho vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na miji ya mbali ikaletewa nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye skrini ya televisheni: picha yenye ukungu, isiyofaa kurudiwa. Mwigizaji Desi Arnaz, mtayarishaji Jess Oppenheimer, mwongozaji Marc Daniels na mpiga picha Karl Freund wakachagua filamu ya milimita 35, kamera tatu zikirekodi kwa pamoja, na watazamaji mbele ya seti. Hatua za hapa zinafuata mpango huo, pamoja na marekebisho ya vifaa vya leo. Seti, taa na kamera zote zinapangwa ili onyesho lisikatizwe, maana kicheko cha mara ya pili huwa cha adabu tu.

Seti

Jenga vyumba vya kuta tatu ubavu kwa ubavu, upande wa nne ukiwa wazi. Chumba chenye matukio mengi kikae katikati. Mezani waketi watu pande tatu tu, na sofa itazame mbele. Weka milango kwenye kuta za nyuma au za pembeni ili anayeingia aonekane uso kwanza, kisha mgongo baadaye. Sakafu iwe laini: kigari cha kamera kikipita juu ya ukingo wa zulia, lenzi ndefu (inayovuta vya mbali) huukuza mtikisiko ule na picha inaharibika. Inua viti vya watazamaji kupita kimo cha kamera. Asiyeona hacheki.

Kamera

Ya kati ibebe lenzi ya milimita 40 kwa picha pana. Za pembeni, kati ya 75 na 100. Vipimo hivi ni vya fremu ya filamu ya milimita 35, hivyo kamera ya kidijitali yenye kihisi kidogo (sehemu inayopokea mwanga) itahitaji lenzi fupi zaidi. Za pembeni hukingamana: ya kushoto inamchukua mwigizaji wa kulia, ya kulia inamchukua wa kushoto. Ukizigeuza utabaki na nyuso za ubavu.

Picha pana usiidharau. Mtu akiteleza, miguu na sakafu vionekane katika picha ileile moja, la sivyo mtazamaji atahisi amedanganywa. Katika mazungumzo, kamera moja ibaki kwa anayesikiliza. Mara nyingi watu hucheka wanapoona sura ya aliyeambiwa, si ya aliyesema, na kosa la waongozaji wengi wapya ni kuzifukuza kamera zote tatu nyuma ya msemaji.

Taa

Hakuna nafasi ya kupanga taa upya kwa kila picha, kwa hiyo zitundike juu na zienee sawasawa. Mwanga wa juu peke yake huyatia macho kivuli. Freund aliweka taa ndogo ya kujazia juu ya lenzi ya kila kamera. Seti alizipaka rangi za kijivu za viwango mbalimbali ili kudhibiti tofauti ya weusi na weupe. Hata kwa rangi, epuka shati jeupe pe: chini ya mwanga mwingi hupoteza mikunjo yake yote na kuuzima uso.

Mazoezi

Siku nne au tano zinatosha. Anza kwa kusoma mswada mezani ukiwa na saa ya kusimamisha. Kwa kipindi cha dakika 26, usomaji usizidi dakika 22 au 23. Nafasi inayobaki ni ya vicheko. Kisha waigizaji watembee kwenye seti bila kamera mpaka miondoko itulie. Kamera ziingie siku ya tatu: bandika utepe sakafuni, rangi moja kwa kila kamera, kila kituo na namba yake, na msaidizi wa fokasi, anayetunza ukali wa picha, apime umbali kwa futi ya utepe. Mwigizaji akihama hatua moja tu kutoka alama yake, lenzi ya 100 itamwonyesha akiwa na ukungu. Ukibadilisha utani usiku wa mwisho, badilisha maneno, acha nyayo zilivyo.

Siku ya kupiga

Piga matukio kwa mpangilio wa hadithi. Zamani kasha la futi 1,000 za filamu liliisha kwa dakika 11 hivi, hivyo tukio lilipaswa kumalizika kabla. Kadi za kumbukumbu za leo hazina kikomo hicho, lakini mapumziko bado yanahitajika kubadili mavazi.

Klapu, kibao kinachogongwa ili kuoanisha picha na sauti, ipigwe mara moja, kamera zote tatu zikiiona. Tundika maikrofoni juu ya watazamaji na uirekodi kwenye njia yake yenyewe ya sauti. Waigizaji wasiseme juu ya kicheko: wangoje kifike kileleni, waanze kinapoanza kushuka. Wakingoja kimya kamili kasi inakufa. Wakiwahi, neno lijalo linamezwa. Wakati wa kungoja wawe na kazi ya mikono, kukunja nguo au kumimina chai, wasisimame kama sanamu. Neno likikosewa kidogo, songa mbele. Picha za karibu za barua au saa zipigwe watu wakishaondoka.

Uhariri

Panga picha zote tatu sambamba kwa klapu na uzitazame kwa pamoja. Kamera zote ziwe zimerekodi kwa idadi ileile ya fremu kwa sekunde, vinginevyo midomo itaachana na sauti. Usikate katikati ya anguko. Kicheko kilichozidi urefu kifupishe kwa kukata kwenda kwenye sura ya msikilizaji, huku njia ya sauti ya watazamaji ikififishwa polepole chini ya mkato huo.